Mfupa wa Costancia, Kitovu cha Masanze

Onesphory alimwona Mzee Melkizedek kwa mara ya kwanza akiwa na kijiko cha supu mdomoni, na kijiko kikabaki humo humo.

Ilikuwa asubuhi, Mikumi, kando ya barabara kuu, saa zile malori ya Zambia yanapoamka na kuanza kukohoa. Tungependa kusema kwamba Onesphory alikuwa amekuja Mikumi kutafuta riziki, lakini ukweli ni kwamba alishushwa. Nauli yake ilimfikisha Doma, na kutoka Doma alisafiri kwa maneno matupu mpaka konda alipochoka kusikiliza.

Sasa alikuwa anatazama kiti cha magurudumu kikija kandokando ya lami. Kilisukumwa na watu wawili, mwanamke kashika mpini wa kulia na mwanaume kashika wa kushoto, kila mmoja akivutia upande wake, kwa hiyo kiti kilikuwa kinakwenda kama kuku aliyekula pombe. Ndani yake alikaa mzee wa kofia ya pama, anasoma gazeti, ametulia kama yuko sebuleni.

"Wale wanagombea nini?" Onesphory alimuuliza Yohana, muuza supu.

"Hawagombei. Wanampenda."

"Wote wawili kwa mpigo?"

"Gesti yake ina vyumba kumi na vinne," Yohana alisema, "ina baa, ina tivii kubwa, ina uwanja wa kulaza malori. Na wewe ungempenda."

Yohana alikuwa na supu nyingi na wateja wachache, kwa hiyo hadithi yote ikatoka. Mzee Melkizedek alianguka kutoka juu ya trela la miwa kule Ruhembe, mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini kuko kimya. Mwanamke ni Costancia, binti yake wa kumzaa, anayeendesha gesti. Anasema mali ya baba ni ya mtoto, serikali inajua, kanisa linajua. Mwanaume ni Donati, mtoto wa dada wa mzee, mkulima wa kijiji cha Masanze. Yeye anasema kwa watu wa milimani kwao mali ya mjomba ni ya mpwa, na serikali ilikuta hivyo hivyo. Na mzee mwenyewe amesema neno moja tu: nitamwachia atakayenisimamisha.

"Basi," Yohana alimalizia, "wameshaleta waganga, wameshaleta maombi, wameshampaka mafuta ya nyati. Mzee ananukia kama mbuga, lakini bado kakaa."

Onesphory akakitoa kijiko mdomoni. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya wageni akakuta kitanda kimetandikwa kwa jina lake.

Hapa itabidi tumweleze kidogo, ingawa mwenyewe angependelea tuseme tu "Daktari". Onesphory alikuwa fahari ya tarafa nzima kule Kilosa. Tangu darasa la nne alilala bweni la misheni, akapasi kila kilicholetwa mbele yake, akaenda Dar kusomea udaktari, na akaendelea vizuri kabisa mpaka alipokutana na somo la mfumo wa fahamu. Kwenye mtihani walimwambia achore uti wa mgongo uliokatwa katikati. Alichochora, mwalimu wake alikitambua kuwa ni kamba ya katani, na inasemekana alimpa alama moja kwa uzalendo wa wilaya ya mkonge. Akapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Kwenye sapu akachora tena kamba, safari hii nzuri zaidi. Akadisko, ambako kwa wasiojua si kucheza muziki. Ni chuo kukufungulia geti ukiwa na begi lako.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kimefunguliwa. Mashamba ya mkonge yanauzwa, viwanda vinauzwa, kila kilima kinaota mnara wa simu, na kila mwenye koti jeupe ana kliniki. Onesphory alikuwa na koti, hakuwa na kliniki. Siku moja, mjini Morogoro, kwenye duka la intaneti, wakati anatafuta kazi yoyote isiyohitaji cheti, akaangukia habari za seli shina. Wazungu wanasema ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani. Ukizilea vizuri zinaweza kuwa damu, au mfupa, au hata neva, na siku moja pengine zitashona uti wa mgongo uliokatika. Onesphory alizielewa papo hapo, kuliko alivyowahi kuelewa kitu chochote chuoni. Na yeye alikuwa hivyo hivyo, isipokuwa hakuna aliyekuwa anamlea.

Akachapisha kurasa zote. Zilikuwa zinalinganisha: seli za chanzo hiki zina uzuri gani, za chanzo kile zina ubaya gani. Aliyeziandika aliandika kwa ajili ya sayansi. Aliyezisoma aliona orodha ya bei.

Ila mtaji wake hasa ulikuwa sindano. Aliinunua mnadani kwa mfugaji mmoja wa Kimasai, Lenku, ambaye alikuwa anachanjia madume yake. Ilikuwa ndefu kama penseli mpya na nene kuliko inavyostahili. Dili lenyewe lilikwenda hivi: mteja analipa ada ya maandalizi, ada hairudishwi, halafu siku ya kazi Onesphory anaifungua taulo polepole na kuionyesha sindano. Mteja anakumbuka kaacha ugali jikoni. Anaondoka mwenyewe kwa miguu yake, kwa aibu yake, na mwenye aibu hadai chochote. Onesphory alikuwa hajawahi kumdunga mtu hata mmoja. Jambo hilo alilihesabu kama maadili ya kazi.

Mchana ule akavaa koti, akaenda kaunta ya gesti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," Costancia alisema bila kuinua macho. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuzoea kuita madereva wanaojifanya hawasikii. "Chumba cha choo ndani au choo nje?"

"Sihitaji chumba. Nahitaji mfupa wako."

Costancia akainua macho.

"Kwa ajili ya mgongo wa baba," Onesphory akaongeza haraka. "Kuna kitu kinaitwa seli shina. Ziko za vyanzo mbalimbali. Kuna za kiinitete, yaani mimba ya siku chache."

"Toka."

"Natoka, ila nakwambia tu kwamba hizo sitaki hata mimi. Zinaweza kuwa kitu chochote, na hilo ndilo tatizo. Unazipanda mgongoni zinaota uvimbe. Mtu kaomba neva, kapewa nywele na meno. Kuna za ubongo wa kijusi, hizo tayari zinajijua kuwa ni za ukoo wa neva, lakini utazipata kwa nani, na utamwambia nini mchungaji? Kuna za damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Safi, changa, hazimuumizi mtu. Lakini vivu, dada. Zimezoea kuwa damu. Ukiziambia ziwe neva zinakutazama tu."

"Umebakiza nini?"

"Uboho. Ndani ya mfupa." Akashusha sauti. "Dada, wewe ni mtu wa milima ya Kilosa kama mimi. Mila zetu tunazijua. Mtoto anachukua nini kwa baba?"

"Mfupa," Costancia alisema.

"Na kwa mama?"

"Damu."

"Basi mimi nimemaliza. Mfupa wa mzee unao wewe. Mpwa wake hana hata kijiti."

Costancia akauliza anataka malipo gani, na Onesphory, ambaye hakuwa na mahali pa kuweka kitu chochote, akataja kitu kikubwa kuliko vyote alivyoviona pale ndani. Jioni ile madereva walikuta rafu tupu ukutani na mpira unaanza.

Kesho yake alimkuta Donati, anafunga magunia ya mahindi.

"Kaka, mfupa ni kitu gani?" Onesphory alimwambia. "Uboho wa mtu mzima umeshachoka. Seli zake chache, za zamani, zimeshakula chumvi nyingi. Na zikifika kwenye neva hazigeuki kuwa neva. Zinafanya kazi ya kuliwaza, kama jirani kwenye msiba. Lakini damu ya kitovu ni changa, haijui ubaya, mwili hauikatai ovyo. Na damu ni ya nani?"

"Ya mama," Donati alisema, akaacha kufunga magunia.

"Mama yako na mzee wametoka tumbo moja. Damu yake unayo wewe. Binti yake ana damu ya watu wengine kabisa. Kuna mtoto anayetarajiwa kwenu?"

"Dada yangu Angela. Wiki hii hii."

"Unaona Mungu anavyopanga ratiba."

Donati hakuwa na tivii. Alitoa pikipiki yake nyekundu, akaipangusa tanki kwa kiwiko kabla ya kuiachia.

Na tumtendee haki Onesphory: kila alichosema juu ya ubaya wa chanzo hiki au kile kilikuwa kweli, kilichapishwa Morogoro na kulipiwa kwa ukurasa. Uongo wake ulikuwa mmoja, mdogo, umekaa kimya mwishoni kabisa: kwamba yeye anaweza kuifanya hiyo kazi. Sasa alikuwa na pikipiki na tivii ya kufunga nyuma yake. Kilichobaki ni kuonyesha sindano Jumamosi, siku aliyowapangia wote wawili, kupokea aibu za watu, na jioni awe Iringa.

Jumatatu, siku tano kabla, Mzee Melkizedek akamwita.

Alikuwa uani, kwenye uwanja wa malori, kiti chake kimeegeshwa kati ya matairi mawili kama gari dogo. Onesphory akaamkia, akaitikiwa, akasimama.

"Kijana, umeniuza mara ngapi?"

Onesphory alikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. "Mara mbili, mzee," akasikia mdomo wake unasema.

"Mfupa na kitovu."

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikiliza. Una maneno mazuri, na mengine nadhani ni ya kweli. Sasa niambie bila maneno ya kaunta." Mzee akaweka kiganja juu ya goti, kama mtu anayegusa meza. "Hii miguu?"

Lori lilikuwa linarudi nyuma taratibu, utingo anapiga kelele njoo, njoo, njoo. Onesphory aliomba liendelee kurudi mpaka Kilosa. Likasimama.

"Hapana, mzee. Dunia nzima bado wanajaribu kwa panya. Kuna panya waliovunjwa mgongo wakapandikizwa, wengine wakainuka kidogo, wakaburuta mguu. Mtu, bado."

"Ungekuwa wewe ndiye unachagua, ungechukua chanzo kipi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo bila kuwa na kitu cha kulipia. Onesphory akajikuta amechuchumaa, akaungama kwanza habari ya ile kamba ya mtihani, kisha akasema: "Puani, labda. Juu kabisa ndani ya pua kuna neva zinazojiotesha upya maisha yote, na zina seli za kuzisindikiza njiani. Na ni za kwako mwenyewe, mwili hauwezi kuzikataa. Lakini kuzipeleka mgongoni na kuziambia zipite wapi, hapo kila mtu anabahatisha."

"Kwa hiyo hapana."

"Kwa sasa hapana."

Mzee akakunja gazeti mara nne. "Hospitali waliniambia tutaona. Mchungaji akasema tumwachie Mungu. Mganga akasema ni mwezi mmoja tu. Wewe tapeli ndiye umeniambia hapana." Akafikiri. "Nimelala vibaya sana kwa hiyo tutaona yao."

"Nitarudisha vitu, mzee."

"Nani kakwambia urudishe? Donati jana kaninyoa ndevu kwa mkono wake. Costancia kanipikia kisamvu cha nazi, na yeye hapendi kutwanga. Endelea na kazi yako. Ila tivii na pikipiki vilale kwenye stoo yangu mpaka nimalize."

"Umalize nini?"

"Kuchagua," alisema mzee, akafungua gazeti tena, likiwa kichwa chini miguu juu, na hakujali.

Onesphory aliondoka akijipongeza. Tapeli anayepata ulinzi wa mwenye mali ni tapeli aliyefika. Ilimchukua siku nyingi kuelewa kwamba siku ile alikuwa ameajiriwa.

Jumamosi ikafika. Chumba namba saba kilipigwa deki, shuka jeupe likatandikwa. Costancia akaingia, kajifunga khanga mbili, akafunga mlango. Onesphory akaiweka taulo mezani, akaanza kuifungua kwa heshima zote, pindo baada ya pindo. Hapa ndipo watu hukumbuka ugali.

Costancia akaitazama sindano. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii. Inapita kwenye mfupa wa nyonga. Halafu ganzi nimeishiwa."

"Dunga."

"Kuna watu huwa wanazimia, dada."

"Nitalala kabisa. Dunga."

"Labda ungezungumza na mumeo kwanza."

"Alikimbia na mhudumu wa baa. Dunga."

Akalala kifudifudi, akashika chuma cha kitanda. Onesphory akabaki kasimama na sindano ya ng'ombe mkononi. Ghafla akaona ina uzito. Mbele yake palikuwa na nyonga ya mtu mzima, ya kweli, yenye mshipa mkubwa wa neva unaopita mahali fulani, na alijua jina lake kwa Kilatini, lakini mahali penyewe ndipo alipochora kamba.

"Kule kwenye miwa ya Ruhembe nilimtuma mimi," Costancia aliuambia mto. "Tulikuwa na gari bovu, nikamwambia baba, panda tu na trela la miwa, ni karibu. Kwa hiyo usinibembeleze. Chukua huo mfupa."

Onesphory aliirudisha sindano kwenye taulo. Alikuwa hajawahi kutamani kitu kama alivyotamani wakati ule mteja mwoga.

"Mfupa wako," alisema, "umekataa."

Costancia akageuza shingo. "Umejuaje na hujaugusa?"

Mlango ukapigwa teke. Donati akaingia mbio, vumbi mpaka kope, kakumbatia chupa ya chai yenye maua.

"Angela kajifungua alfajiri. Wa kike," alihema. "Nimeweka na barafu ya soda. Pokea upesi, mama yuko nyuma yangu."

Malezi ni kitu kibaya. Mtu mzima akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, na kama alikulea mwalimu wa misheni unainamisha na kichwa. Onesphory akapokea, akainama, akafungua kifuniko. Haikuwa chai. Akakaa chini.

Hajainuka, nje likasimama lori la mkaa, na kutoka humo akashuka Bibi Elizabeti wa Masanze, mama yake Donati, dada mkubwa wa Mzee Melkizedek. Alikuwa mwembamba, mweusi kwa vumbi la mkaa upande mmoja tu, na alitembea kama mtu anayekuja kuzima moto. Nyuma yake, kwenye mlango, kikasogea kiti cha magurudumu. Kumbe kilikuwa pale pale koridoni, hakikuwa mbali hata kidogo.

Wote wakamwamkia. Akaitikia mara moja kwa jumla.

"Kitovu cha mjukuu wangu kilikuwa kwenye ungo, kinangoja kuzikwa," alisema. "Nimegeuka kuchukua jembe, sikioni. Nani kakipokea?"

Mmoja tu ndiye alikuwa sakafuni na chupa.

"Kwa mikono mingapi?"

"Miwili, mama," Donati alisema haraka, mwenye furaha ya mtu aliyepata wa kumsukumia lawama. "Na kainama."

Bibi Elizabeti akamtazama mdogo wake. Mzee Melkizedek akamtazama dada yake. Ilikuwa ni kutazamana kwa watu waliowahi kuiba sukari pamoja miaka sitini nyuma.

"Dada," mzee alisema taratibu, "mila inasemaje hapo?"

Bibi akanyamaza kidogo zaidi ya inavyohitajika kwa mtu anayeijua mila.

"Mila inasema," akaanza, "kitovu hakizururi. Kikifunguliwa mahali, kinalala hapo hapo. Na yule aliyekipokea kwa mikono miwili ndiye mjomba wa mtoto, awe katoka tumbo moja na mama yake au hakutoka."

"Mimi hiyo sijawahi kuisikia," Onesphory alisema kutoka sakafuni.

"Wewe umekulia wapi?"

"Bweni, bibi. Misheni."

"Ungeisikia wapi, basi? Kwenye kengele ya saa kumi na moja?"

Wiki nzima Onesphory alikuwa anawaambia watu hawa "mila zetu tunazijua". Hakuona pa kuanzia kusema hazijui.

"Sawa," alisema Mzee Melkizedek. "Ni mjomba. Donati, wewe ndiye unayelijua sana jambo hili, umelisema mpaka kwenye kilabu. Mali ya mjomba ni ya nani?"

"Ya mpwa," Donati alijibu kwa sauti, kwa mazoea, kidole juu. Kidole kikabaki juu. Ikaonekana usoni kwake jinsi pikipiki nyekundu inavyopita, inaondoka, inakuwa ya mtoto wa asubuhi ile.

Costancia akaanza kucheka ndani ya mto.

"Usicheke sana, na tivii imo," baba yake alisema. "Vyote viko stoo, ni vya mtoto. Sasa na mimi niseme langu. Nilisema nitamwachia atakayenisimamisha. Hakuna atakayenisimamisha. Huyu bwana kaniambia Jumatatu, na namwamini kwa sababu hakuwa na faida ya kuniambia. Gesti namwachia mtoto wa Angela. Damu ya dada yangu, Donati huna la kusema. Mpaka akue, mwenye funguo na kauli ni Costancia. Nimekaa hapa mlangoni nikasikia mtu anasema dunga mara tatu."

Costancia aliacha kucheka. Akaketi, akajifunga khanga vizuri. "Ulijua haiwezekani?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nilale hapa na hilo lisindano?"

"Nilitaka kuona kama na yeye atadunga."

"Na angedunga?"

"Ningepiga kelele. Kilichokufa ni miguu, mwanangu, mdomo mzima."

Costancia akamsogelea. Tulidhani atampiga. Akamwekea sawa kofia, kwa nguvu kuliko inavyohitaji kofia, akabaki ameishika na uso amegeuzia ukutani. "Ni mimi nilikutuma," alisema.

"Na mimi ndiye nilipanda. Wewe ulisema nikae mbele, nikaona aibu kukaa na utingo."

Onesphory akaona ndio wakati wa kutambaa kuelekea mlangoni. Kiti kilikuwa kimeuziba.

"Mzee," alinong'ona, "na mtu akikataa ujomba?"

"Ruksa kabisa, hii nchi sasa ina soko huria. Kituo cha polisi kiko barabarani hapo. Utawaeleza wewe ni daktari, utawachorea na uti wa mgongo."

Donati ndiye alileta jembe, Bibi Elizabeti ndiye alionyesha mahali, nyuma ya jiko, na mjomba ndiye alichimba. Akiwa ndani ya shimo hadi magotini alimsikia Costancia akiuliza kwa sauti ya chini:

"Shangazi, hiyo mila ya mikono miwili ni ya wapi?"

"Ya chumba namba saba," Bibi Elizabeti alijibu.

Onesphory akasimamisha jembe. Halafu akaendelea kuchimba. Uongo umesukwa bila mshono, umesimamishwa juu ya mambo ya kweli, umemwacha mteja hana pa kuripoti. Na umetungwa pale pale, bila kurasa za Morogoro. Angeweza kulalamika, lakini kwa nani, na kama nani? Zaidi ya hapo, ilikuwa mara ya kwanza tangu geti la chuo watu kumpa kazi na kusimama kuona kama anaifanya vizuri.

Angela na mtoto walihamia gesti, kwa kuwa kitovu kilikuwa pale. Tivii ikarudi ukutani, na anayetaka kuangalia mpira anaomba ruhusa kwa mtoto. Kama amelala, sauti inazimwa. Bibi Elizabeti alikuja kwa wiki mbili na hajaondoka. Mjomba kapewa chumba cha choo nje, chakula, na kazi zote ambazo hazina mwenyewe. Mzee Melkizedek humwita uani jioni amweleze habari za panya.

Siku moja dereva mmoja wa tenki la mafuta alishuka akiwa amejishika kiuno, akamkuta Onesphory barazani anambembeleza mtoto.

"Wewe ndiye daktari wa seli? Nimesikia habari zako Makambako. Mgongo unaniua. Nichukue za mfupa, za kitovu, au za pua?"

"Usichukue zozote," Onesphory alisema. "Hizo bado zinafanyiwa utafiti, hakuna anayejua kuzitumia kwa mgongo wa mtu. Na uti wa mgongo wako haujakatika, kwa sababu umeshuka ngazi za lori kwa miguu miwili. Weka mto kwenye kiti, lala kwenye ubao, na ukienda Morogoro wakupige picha."

Dereva akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyezunguka nchi nzima na kudanganywa kila kituo.

"Huyu ni daktari kweli," akamwambia utingo wake. "Wengine wote walisema wanaweza." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjwa, akamnyooshea.

Onesphory alikuwa na mtoto kifuani, hakuwa na mkono wa kupokelea hata mmoja. Akaanza kumhamishia mtoto bega la kushoto, taratibu, asimwamshe. Hakuwahi. Mkono mwembamba ulitokea nyuma yake, kutoka dirishani, ukazichukua noti kwa vidole viwili.

"Ahsante, baba," Bibi Elizabeti alimwambia dereva. "Mtoto anashukuru."